Mgeni ni wa Nani? Historia fupi ya vita vya mlangoni

Kuna swali limenikaa kichwani kwa siku kadhaa, leo nimeamua kulimwaga hapa tulijadili. Mgeni akishuka kwenye ndege, kabla hajanunua hata chupa ya maji, yeye ni wa nani? Ni wa kampuni iliyomuuzia safari? Ni wa nchi aliyotua? Ni wa nchi anayokwenda? Au ni wake mwenyewe?

Msidhani ni swali la kupotezea muda. Desemba 2014 serikali ya Kenya ilipiga marufuku magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuchukua au kushusha watalii. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za ndege za Kenya Airways kuja nchini, kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Mwishowe marais wawili walilimaliza jambo hilo wakiwa Windhoek, Namibia, walikokwenda kwenye sherehe ya kuapishwa kwa rais mwingine kabisa. Yote hayo yalianzia kwa dereva aliyesimama mlangoni na kibao chenye jina la mgeni wake.

Wengi waliichukulia habari ile kama ugomvi wa kawaida wa majirani, leo wamenuniana, kesho wanakunywa chai pamoja. Mimi naona ni ukurasa mmoja tu wa hadithi yenye umri wa karibu miaka 700. Na tukiisoma hadithi yote, tutagundua kuna kitu wazee wetu wa pwani walikuwa nacho ambacho sisi, pamoja na mikataba na mihuri yetu, tumekipoteza. Twende taratibu.

Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko, alipita pwani yetu mwaka 1331. Alianzia Mogadishu, akapita Mombasa, akafika hadi Kilwa. Tukisoma habari zake huwa tunakimbilia Kilwa, kwa sababu ya uzuri wa mji na sultani wake mkarimu. Kwa mada yetu ya leo, utamu uko Mogadishu.

Anasimulia kwamba merikebu ikitia nanga pale, sambuku ndogo zilitoka ufukweni kuifuata. Ndani yake walikuwamo vijana wa mji, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akipanda merikebuni anamchagua mfanyabiashara mmoja, anamkabidhi sahani ile na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Basi, imekwisha. Mfanyabiashara akishuka haendi nyumba nyingine isipokuwa ya kijana yule. Mwenyeji ndiye atakayemlaza, ndiye atakayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anazohitaji. Na mtu mwingine wa mjini akinunua kitu kwa mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu bila mwenyeji kuwapo, mauzo hayo yalihesabiwa kuwa batili.

Ibn Battuta mwenyewe nusura anyakuliwe hivyo hivyo. Kijana mmoja alimjia, wenzake wa merikebuni wakamwambia kwamba huyu si mfanyabiashara, ni mtu wa elimu. Papo hapo kijana akawaita wenziwe, akawajulisha kwamba mgeni huyu ni wa kadhi. Habari zikafika, kadhi akaja mwenyewe ufukweni na wanafunzi wake kumpokea. Halafu akapelekwa kwanza kwa sultani, maana ndiyo ilikuwa desturi kwa wageni wasomi.

Hebu tuiangalie vizuri desturi hii, maana ni kanuni kamili za kupokea wageni bandarini, ingawa hazikubandikwa ukutani na mamlaka yoyote.

Kwanza, haki na wajibu vilikwenda pamoja. Kijana aliyempata mgeni alipata faida, hilo halina ubishi, lakini pia alibeba mzigo. Mgeni akidhulumiwa, aibu ni ya mwenyeji. Pili, mji mzima ulisimama nyuma ya desturi ile. Kumpunja mgeni halikuwa jambo la mtu na mtu, kwani biashara yenyewe ilivunjwa. Tatu, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, kulikuwa na msamaha. Mfanyabiashara aliyekwisha kufika pale mara nyingi na kuwafahamu watu aliruhusiwa kukaa popote alipotaka. Maana yake kanuni ilimlenga mgeni asiyejua njia. Akishaijua, alikuwa huru.

Nisieleweke vibaya. Wale vijana hawakuwa malaika. Walikuwa wanatafuta riziki kama anavyoitafuta papasi wa Zanzibar leo, yule kijana anayekufuata kutoka bandarini hadi Darajani akikueleza habari za safari ya viungo na pomboo. Jina papasi lenyewe ni la kupe, na tumelipa kwa dharau kwa sababu anang'ang'ania. Lakini kijana wa Mogadishu naye aling'ang'ania, tena alikufuata majini kabla hujakanyaga nchi kavu. Tofauti ni kwamba mji ulimpa yeye nafasi inayojulikana na masharti yanayojulikana. Papasi tumempa jina la mdudu, kisha tunashangaa akiuma.

Bara nako kulikuwa na mambo yake. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo, na kupita Ugogo kulikuwa na bei. Watemi walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Leo tukisikia neno hongo tunafikiria bahasha chini ya meza, lakini wakati ule yalikuwa malipo ya wazi kwa mwenye nchi. Hapa tunaona namna ya pili ya kumtazama mgeni. Kwa kijana wa Mogadishu, mgeni ni mtu unayempokea na kumtunza. Kwa mtemi wa njiani, mgeni ni mtu anayepita mlangoni kwako, na mlango una bei yake. Zishikeni namna hizi mbili, maana zitatusaidia mbele.

Turukie karne ya 20, meli zimeanza kuiachia ndege nafasi yake. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa Nairobi mwaka 1958, ukiwa umejengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Mwaka 1978 ulipata jengo jipya la abiria, na baada ya kifo cha Mzee Kenyatta mwaka huo huo ukapewa jina lake. Nairobi ikawa mlango mkuu wa utalii wa Afrika Mashariki. Mtalii kutoka Ulaya anatua Nairobi, analala Nairobi, anapanda gari la kampuni ya Nairobi, anapelekwa Maasai Mara, kisha anavushwa kwenda Serengeti na Ngorongoro, anarudishwa Nairobi na kuondoka zake. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, mzunguko huo ulikuwa kitu cha kawaida.

Kwa Tanzania, mambo hayo yaliuma. Simba wetu, kreta yetu, mlima wetu, lakini mwenyeji ni mwingine. Sisi tunabaki na kiingilio cha geti na vumbi la magari. Ndiyo maana mwaka 1971 tulifungua uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, katikati ya Moshi na Arusha, pahali ambapo hapakuwa na mji mkubwa wa kuuhitaji. Lengo lilikuwa wazi. Mgeni atue kwetu moja kwa moja, sisi ndio tumpokee. Tuliamini kwamba anayempokea mgeni mlangoni ndiye anayeimiliki safari yake yote, na hatukukosea.

Kisha ukaja mwaka 1977. Shirika la ndege la pamoja, East African Airways, lilisambaratika mwanzoni mwa mwaka huo. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya utalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zikakamatwa. Julai, Jumuiya yenyewe ikafa. Tulifunga mlango kwa komeo, tukisubiri ndege zianze kumiminika KIA.

Zilimiminika? Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, na ndege kubwa za Ulaya ziliendelea kuipenda Nairobi. Somo ni kwamba mgeni hageuki kuwa wako kwa sababu umemfungia jirani njia. Kenya nayo iliumia, maana mtu aliyetaka kuona Mara na Serengeti kwa safari moja alilazimika kuchagua. Kivuko cha Bologonja, kati ya Mara na Serengeti, pahali ambapo nyumbu wanapita bila pasipoti, hakijafunguliwa tena kwa watalii tangu wakati ule.

Mpaka ulipofunguliwa, nchi mbili hizi zilikaa na kuandikiana makubaliano ya utalii, mwaka 1985. Hapo ndipo ulipozaliwa ule utaratibu ambao madereva wa Arusha na Nairobi wanaujua kama wanavyoujua mfuko wa shati. Gari la Kenya linamleta mtalii hadi Namanga, mtalii anashuka, mizigo inashushwa, mihuri inagongwa, kisha anapanda gari la Tanzania lililokuja kumpokea. Gari la Kenya haliingii Serengeti, na la Tanzania haliingii Mara. Kila mtu na mbuga zake.

Lakini ukiacha mbuga, kulikuwa na eneo la katikati ambalo halikusumbua watu kwa miaka mingi, nalo ni mlango wa uwanja wa ndege. Mabasi madogo ya Nairobi na Arusha, mwendo wa kilomita kama 270, yalizoea kupitia Jomo Kenyatta kuchukua wageni. Ndege nyingi za mbali zilitua pale, na mgeni wa Kilimanjaro au Ngorongoro aliona nafuu kutua Nairobi na kumalizia kwa barabara. Alikwishalipia safari yake yote kwa kampuni ya Arusha. Akitoka na begi lake anaona jina lake kwenye kibao, anatabasamu, anapanda, saa chache baadaye yuko Tanzania.

Hicho ndicho kilichokatwa Desemba 2014. Kenya ilisema haileti sheria mpya, inatekeleza tu makubaliano ya 1985, ambayo kwa maelezo yake hayakuyapa magari ya Tanzania ruhusa ya kwenda viwanja vya ndege na mbugani. Kwa hiyo mgeni wa kampuni ya Arusha sasa alipaswa kuchukuliwa uwanjani na gari la Kenya, apelekwe mjini Nairobi, ndipo akapande gari la Tanzania. Hebu fikiria umetoka Ulaya, umekesha kwenye ndege, unatafuta jina lako kwenye vibao hulioni. Mtu uliyemlipa amezuiwa huko nje, na mbele yako wamesimama watu usiowajua wakikuita rafiki.

Sasa tuwe waungwana, tuisikilize na Kenya. Mwaka 2014 haukuwa mwaka mwepesi kwao. Septemba 2013 walishambuliwa Westgate, Juni 2014 Mpeketoni. Nchi za Magharibi zilitoa matangazo ya kuwatahadharisha raia wao, na hoteli za pwani zilikuwa zinalia. Katika hali hiyo, dereva wa Nairobi ambaye hana kazi anaona gari lenye namba ya Tanzania likipakia wageni mlangoni kwake na kuondoka nao. Yeye akiwafikisha wageni wake Namanga anaambiwa mwisho wako hapa. Kwa nini asiulize, mbona wao wanafika hadi kwetu uwanjani na sisi hatufiki hadi kwao mbugani? Ni swali la haki kabisa, na pia lilikuwa karata ya mazungumzo. Kenya ilitaka Bologonja ifunguliwe na magari yake yaruhusiwe kuingia ndani zaidi Tanzania.

Tanzania nayo ilikuwa na hoja. Uwanja wa ndege si mbuga. Ni mlango wa umma, na kumchukua mteja wako mwenyewe aliyekwishakulipa si kumnyang'anya mtu kazi. Isitoshe, tangu Julai 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilikuwa inatumika, tena kwa saini zetu wote. Inakuwaje bidhaa na watu wanaambiwa wako huru, halafu kibao chenye jina la mgeni kinaambiwa kisivuke?

Januari 2015 mawaziri wa pande zote mbili walikutana Arusha. Marufuku ikalegezwa kwa wiki chache, mazungumzo yakakwama, ikarudi. Machi ndipo Tanzania ilipozigusa ndege. Zingatieni hapa. Kutoka 42 hadi 14 ni theluthi mbili ya safari zote kufutwa kwa kalamu. Abiria waliokuwa na tiketi za Nairobi hawakuwa na habari yoyote ya makubaliano ya 1985. Mfanyabiashara wa Kariakoo, mgonjwa, mwanafunzi, wote wakaingizwa kwenye ugomvi wa kibao. Tulikuwa tumetoka kwenye namna ya Mogadishu na kuingia kwenye ile ya mtemi wa njiani, mlango una bei, na kila mmoja anampandishia mwenzake.

Marais Kikwete na Kenyatta walipokutana Windhoek, kwenye kuapishwa kwa Rais Hage Geingob Machi 2015, walikubaliana kila upande uondoe kizuizi chake. Magari yakarudi uwanjani, ndege zikarudi angani. Ilichukua mazungumzo ya watu wawili kufungua kilichokuwa kimefungwa kwa miezi mitatu. Nafurahi walikifungua, lakini jambo hilo linanipa wasiwasi. Kitu kinachofunguliwa kwa mazungumzo ya watu wawili, kinaweza pia kufungwa kwa hasira ya watu wawili.

Na tabia yenyewe haijatutoka. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ndege za Kenya zilizuiwa kuja kwetu kwa wiki kadhaa. Januari 2024 tukazozana tena kuhusu ndege, safari hii chanzo kikiwa mizigo ya Air Tanzania. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, na kuongoza watalii ni mojawapo. Ipo hoja ya kulinda ajira za vijana wetu, siidharau, kwani wengi wenu mnaosoma hapa mna ndugu anayepandisha wageni mlimani. Ila ukiziweka tarehe hizi kwa mstari, 1977, 2014, 2015, 2020, 2024, 2025, utaona kwamba hakuna upande wenye mikono misafi. Kila mmoja ana siku yake ya kushika komeo.

Sasa nirudi kwenye kile nilichosema tumekipoteza. Watu wa Mogadishu walikuwa na kanuni kali kuliko zetu. Mgeni wa fulani ni wa fulani, na huruhusiwi hata kumuuzia kitu bila mwenyeji wake. Lakini kanuni ile ilikuwa na mgeni ndani yake. Ilijiuliza huyu mtu asiyeijua nchi yetu atalala wapi, atadhulumiwa na nani, na akidhulumiwa nani atajibu. Tafuteni swali hilo katika ugomvi wa 2014 na 2015. Mimi nimelitafuta katika hoja za pande zote mbili sikuliona. Kulikuwa na namba za magari, namba za safari za ndege, vifungu vya mkataba. Mtu mwenye begi aliyekuwa anatafuta jina lake kwenye kibao hakuwamo.

Na dereva naye hakuwamo. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumebishana sana mwenyeji ni Kenya au Tanzania, wakati mwenyeji anayehitaji kupona ni yule aliyesimama nyuma ya kizuizi cha chuma, awe Mkamba au Mchaga, anayelipwa kwa safari. Gari lisipotoka, halipwi. Hakuna rais anayekutana na mwenzie Windhoek kwa ajili yake.

Mimi sisemi viwanja viachwe kama soko. Anayekataa utaratibu hajawahi kutoka mlangoni akavamiwa na watu sita, kila mmoja kashika mpini wa begi lake. Utaratibu unatakiwa, tena mkali. Lakini ningependa uanze pale walipoanzia wale vijana wa sambuku. Mtu aliyelipwa na mgeni, mwenye leseni halali ya nchi yoyote ya Jumuiya na jina la mgeni mkononi, asimame mlangoni bila kuulizwa namba ya gari lake ni ya wapi. Halafu jina lake na leseni yake viandikwe, ili mgeni akipunjwa au akitelekezwa ajulikane wa kujibu. Asiyekuwa na mgeni asubiri nje kwenye foleni ya teksi, apate zamu yake kwa haki. Na mgeni anayeijua njia, aachwe apite zake.

Je, hilo linawezekana kati ya nchi ambazo bado zinaogopana kwa sababu ya Bologonja? Mwaka 2018 tulifungua kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja na msafiri anahudumiwa upande mmoja tu. Kama tumeweza kukaa pamoja mpakani, sioni kinachotushinda mlangoni pa uwanja wa ndege.

Madereva na waongoza watalii mliokuwapo Nairobi na Namanga miezi ile mitatu, nawasubiri. Mlipitaje? Wageni wenu mliwaambia nini? Marais tumewasikia, sasa ni zamu yenu.